Boneti Isiyofunguka kwa Mtu Mmoja

Jumanne, 2 Julai 2024

Loki ya boneti imegoma. Wiki iliyopita ilikuwa inasumbua, leo imekataa kabisa. Navuta kile kishikio cha chini ya usukani — kimya. Hata mlio wake haupo. Na gari lenyewe rejeta inavuja, kila asubuhi lazima linyweshwe maji kama ng'ombe. Sasa ng'ombe amefumba mdomo!

Fundi Egidi alipita jioni akatazama. Waya wa boneti umelegea, anasema. Unavuta, lakini nguvu haifiki kwenye loki. Akatufundisha ujanja: mmoja akae kwenye usukani avute kishikio, mwingine asimame mbele aigandamize boneti kwa viganja, papo hapo. Hapo inaruka. Mtu mmoja hawezi, hata awe na mikono mirefu namna gani. Atatutafutia waya mpya, kwa sasa tuendeshe hivyo hivyo.

Tukajaribu, mimi na Honorata. Yeye ndani, mimi mbele. Nikasema "Vuta!" Akavuta, nikagandamiza. Paa! Ikaruka. Akacheka huko ndani peke yake. Nami nikacheka. Siku hizi yeye ni shule na madaftari ya wanafunzi, mimi ni duka na mashine yangu ya fotokopi, tunakutana mezani tu tukiwa tumechoka. Leo tumefanya jambo moja watu wawili.

Baridi ya mwezi huu, bati linauma vidole. Sikujali. Ningeweza kuigandamiza hiyo boneti mpaka usiku.

Alhamisi, 4 Julai

Kuna jambo.

Gari anaenda nalo Honorata, shule yake iko mbali, njia ya Namtumbo. Mimi duka langu liko hapa hapa Lizaboni, natembea. Asubuhi tunajaza maji pamoja. Jioni akirudi rejeta huwa imeshuka, tena sana. Leo nimesema tuifungue niangalie. "Vuta!" Paa. Nikafungua kifuniko — maji yamejaa mpaka shingoni. Mpaka shingoni!

Nikamwuliza. Anasema aliongeza njiani. Nikasema, boneti uliifunguaje? Anasema alisaidiwa. Na nani?

"Watu wapo, Baba Noela."

Watu wapo. Jibu gani hilo? Najua watu wapo. Songea nzima imejaa watu. Mimi nimeuliza mtu.

Alikwenda kukoroga uji wa kesho huku anaimba. Nilibaki nje nimeshika kifuniko cha rejeta.

Ijumaa, 5 Julai

Brigita wa saluni ya jirani ameingia dukani kuchenji hela. Akasema ameliona gari letu juzi kule Bombambili, boneti iko juu. Shemeji, limeharibika tena?

Nikamwuliza, ulimwona Honorata? Anasema aliona miguu. Boneti ikiwa juu, watu huwaoni sura, unaona kuanzia magotini kushuka. Viatu vya Honorata anavifahamu, vile vyeusi vya kamba. Na vya pili?

"Gambuti, shemeji. Kubwa hivi."

Akaonyesha kwa mikono. Kubwa kweli.

Bombambili si njia ya kutoka Namtumbo kuja kwetu! Inabidi ukate kona makusudi. Na mwenye gambuti kubwa ni nani kama si mwanaume?

Brigita aliniona uso umebadilika. Akasema, shemeji, wivu utakunyonyoa hizo nywele, mimi nikose kazi. Nikamrudishia chenji yake pungufu. Akaihesabu mbele yangu, akacheka, akanyoosha mkono kudai iliyobaki.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika polepole, nisiruke neno.

Leo Honorata alikuwa na rimidio shuleni, masomo ya ziada ya kidato cha nne. Asubuhi tukaenda kwenye gari kama kawaida. Mimi mbele, viganja kwenye bati. Yeye ndani. Kabla sijasema "Vuta!", nikamsikia anasema, kwa sauti ya mtu aliyezoea:

"Haya, bismillahi!"

Akavuta. Mimi sikugandamiza. Nilisimama tu. Honorata! Binti wa katekista wa Mbinga! Mwanamke ambaye hata akijikwaa anasema "Yesu na Maria". Bismillahi ameitoa wapi?

Nikamwuliza. Akashika mdomo, akacheka, akasema limemtoka tu.

Neno halimtoki mtu kama chafya. Neno unaambukizwa. Ina maana huko Bombambili kuna mtu anayekaa na mke wangu pale boneti inapofunguliwa, na kila ikifunguliwa anaanza na bismillahi, na wameifungua mara nyingi mpaka neno limehamia mdomoni mwake. Mara nyingi! Kwangu ni "Vuta!" Sasa "Vuta!" imepitwa na wakati.

Kwa hiyo ni Mwislamu. Nimekaa dukani mchana kutwa nawapitia mmoja mmoja. Mzee Zuberi wa buchani — hapana, anatembelea fimbo. Dereva wa kirikuu, kile kigari cha mizigo, anayeniletea karatasi — huyo hana muda, ana wake wawili tayari. Halafu nikamkumbuka. Mwalimu Swalehe! Wa baiolojia. Amehamia shuleni kwao Januari, ametoka Tanga. Nilimwona kwenye mahafali, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Anaongea kama anakumiminia asali sikioni.

Tanga, waja leo waondoka leo. Huyu mbona haondoki?

Jumapili, 7 Julai

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya kusamehe. Sikusikia kitu. Nilikuwa natazama mikono ya Honorata ameshika kitabu cha nyimbo, nawaza inavyoshika kishikio.

Tukirudi nikamwuliza kwa njia ya mbali, kama mtu anayepitisha muda: huyo mwalimu wenu wa Tanga anaendeleaje?

Swalehe? Oo, anafundisha vizuri sana, watoto wanampenda, ameanzisha na bustani. Bustani! Mwenye bustani ana gambuti. Na amepanga wapi? Nadhani Bombambili, akasema. Bila kusita.

Nilikula ugali kama nakula udongo. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema tumbo.

Jumatatu, 8 Julai

Egidi amekuja dukani kufotokopi leseni yake. Ana furaha. "Kaka Beda, ule waya nimeupata. Lete gari hata kesho, kazi ndogo tu ile." Nikamwambia subiri, nina mambo, nitakwambia.

Jioni Honorata akauliza, waya vipi? Nikasema Egidi ameukosa. Songea nzima haupo, mpaka uagizwe Dar.

Nimedanganya. Uongo ulitoka laini, sikuutafuta hata.

Na sababu naijua, naiandika hapa kwa kuwa siisemi popote. Boneti ikitengenezwa, Honorata atafungua mwenyewe. Kituo chochote, kona yoyote, na mimi sitajua kitu. Lakini ilivyo sasa, kila ikifunguliwa lazima wawepo wawili. Maji yakijaa, najua kulikuwa na wa pili. Hiyo boneti mbovu ndiyo askari wangu. Nani anamfukuza askari wake kazi?

Na tena — ikitengenezwa, asubuhi hataniita.

Jumatano, 10 Julai

Vumbi la mwezi huu linakaa kwenye gari kama unga. Jioni nimetoka na tochi ya simu kukagua. Na iko pale! Alama ya mikono, mbele ya boneti, upande wa kushoto. Ya kwangu ya asubuhi iko katikati. Hizi ni za mtu mwingine. Vidole vimetanuliwa, vimekaa vizuri, vya mtu anayejua mahali pa kugandamiza.

Nikaweka viganja vyangu juu yake. Vya kwangu ni vikubwa zaidi. Nikafurahi kwa dakika moja. Halafu nikawaza: mikono midogo, laini, ya mtu asiyeshika jembe wala spana. Ya mwalimu. Anashika chaki tu!

Honorata alitoka nje akanikuta nimeinamia gari nimelikumbatia. Akauliza nafanya nini. Nikasema nasikiliza kama rejeta inavuja. Gari limezimwa, Baba Noela, akasema. Akaingia ndani.

Ijumaa, 12 Julai

Noela amepiga simu kutoka bweni. Mama yake aliongea naye kwanza, wakanong'ona, wakacheka. Nilipopewa simu mtoto akasema, baba, usimsumbue mama.

Kwani nani kasema namsumbua? Mtoto yuko Mbinga, ameyajuaje ya huku? Kumbe nasemwa. Nasemwa mpaka bwenini.

Kesho rimidio ni zamu ya Swalehe. Honorata anabaki kufua. Nimemwambia naomba gari, naenda Mshangano kuonana na mteja. Nenda, akasema, usisahau maji.

Jumamosi, 13 Julai

Aibu gani hii!

Sikuwa na mteja Mshangano. Niliendelea moja kwa moja njia ya Namtumbo. Nia yangu ilikuwa nifike shuleni, nimwone huyo bwana ana kwa ana, nitazame miguu yake. Basi. Nilikuwa nimepanga na maneno. "Mwalimu, una gambuti?" Ndivyo nilivyopanga kuanza. Mtu mzima mimi.

Sikufika. Katikati ya njia mshale wa joto ukapanda. Moshi ukaanza kutoka pembeni ya boneti. Nikaegesha. Gari limechemsha.

Nikasubiri lipoe. Dumu la maji ninalo. Nikavuta kishikio, nikashuka mbio kwenda mbele kugandamiza. Haikuruka. Nikarudi. Nikajaribu kuvuta kwa mguu huku nimejinyoosha dirishani. Nikaumia nyonga. Nikafunga kishikio kwa mkanda wa suruali na kuuvuta kwa mbali. Mkanda ukakatika! Nikasimama barabarani nimeshika suruali kwa mkono mmoja, naitukana loki kwa jina la mama yake. Akinamama wawili wenye kuni wakapita ng'ambo, wakaacha kuongea mpaka waliponipita.

Pikipiki ikasimama. Aliyeshuka, nani? Shati lile lile la pasi. Swalehe!

"Shemeji! Pole sana, shemeji yangu. Limechemsha?"

Shemeji! Mimi!

Sikuwa na la kufanya. Nikasema ingia, uvute kishikio, mimi nigandamize. Nikaenda mbele. Nikasubiri. Sasa tutaona, nikasema moyoni, sasa mkono wako utakusaliti. Nikasema "Vuta!"

Kiti cha dereva kikarudi nyuma kwa kishindo, na Swalehe nacho.

"Samahani, shemeji. Siyo hicho?"

Nikamwambia kishikio kiko kushoto. Akafungua tangi la mafuta. Nikasema siyo hicho, cha chini. Akawasha waipa. Mtu huyu hajawahi kukaa kwenye kiti kile wala kuona boneti hii ikifunguliwa maishani mwake! Gari hajui hata kidogo, yeye ni wa pikipiki. Nikaenda nikamwonyesha kwa kidole, nikarudi mbele, ndipo ikaruka. Paa.

Alimimina maji mwenyewe, taratibu, ili nibaki na suruali yangu. Akanipa kamba ya plastiki aliyofungia madaftari nifungie kiuno. Akasema Madam Honorata anakusifia sana shuleni, anasema wewe huna mchezo na kazi. Nikasema asante. Viatu vyake vyeusi, vidogo, vinang'aa.

Nilitakiwa kushukuru Mungu njia nzima. Nilishukuru mpaka kwenye daraja. Baada ya daraja nikaanza: kama siyo huyu, ni nani?

Jumapili, 14 Julai

Sikwenda Misa. Nimesema mgongo. Honorata alikwenda, akarudi akiwa amechelewa, ana harufu ya maandazi ya iliki. Kanisani hawauzi maandazi ya iliki.

Jumatatu, 15 Julai

Nimefunga duka saa tisa. Nikachukua bodaboda mpaka Bombambili. Nikamwambia kijana tuzunguke polepole. Akauliza, unatafuta nini mzee? Gari, nikasema. Jeupe.

Nikaliona. Kwenye uwanja wa kuoshea magari, karibu na karakana ya useremala. Boneti iko juu. Miguu minne. Viatu vyeusi vya kamba. Na gambuti.

Nikashuka. Nikasikia kicheko kabla sijafika. Cha Honorata. Siyo kile cha mezani cha kunipa moyo. Ni kile cha tumboni, cha kukosa pumzi, cha kupiga bati kwa kiganja na kusema "niache, niache nitakufa!" Kile nilikisikia zamani, wakati tunachumbiana, mimi ndiye niliyekuwa nakisababisha. Nilidhani kimeisha. Nilidhani watu wakikua kinaisha. Kumbe kipo, kinatolewa Bombambili.

Nikazunguka boneti.

Mwanamke! Wa makamo, ushungi amefunga kisogoni, ovaroli limelowa, ameshika mpira wa maji. Gambuti za kiume zimemzidi. Anaitwa Sharifa, mtu wa Tunduru. Uwanja ni wake, aliachiwa na marehemu mumewe pamoja na pampu na hizo gambuti.

Walinyamaza. Wote wawili, kwa pamoja, kama wanafunzi mwalimu anapoingia darasani.

Sharifa ndiye aliyeanza. "Karibu, shemeji. Ndiye mwenye boneti?" Akatuletea chai na maandazi ya iliki. Viti viwili vya plastiki. Kimoja kina mto wa kitenge. Honorata akakikalia bila kuangalia. Ni chake.

Basi ningecheka mimi. Mtu mwingine angecheka, angeomba radhi, angekula maandazi. Mimi nilikaa kwenye dumu la mafuta nikiwa na wivu ule ule. Haukushuka hata kidogo, ulihama tu mtu. Anamwambia nini huyu mama? Mbona mimi hanichekeshi? Mbona mimi simchekeshi?

Halafu Sharifa, katika kujaza ukimya, akasema:

"Sasa shemeji, akishakwenda Mbeya mwezi wa kumi, mimi boneti nitamfungulia nani?"

Honorata akaweka kikombe chini.

Mbeya?

Jumanne, 16 Julai

Tumezungumza. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili, chuo kimoja Mbeya. Ufadhili upo. Miaka miwili, atakuwa anarudi likizo. Barua aliipata tangu Juni. Tangu Juni! Sharifa anajua. Noela anajua. Mama mkwe anajua, mpaka katekista anaombea. Mimi nimeambiwa na mwosha magari.

Nikamwuliza kwa nini. Alikuwa anakunja nguo, hakuacha kukunja.

"Nimetaka kukwambia mara ngapi, Baba Noela. Kila nikianza habari, wewe unaniuliza nilikuwa na nani."

Nikasema si kweli. Akasema, na kwa Sharifa nilikuwa napita kuongeza maji tu, nikaona kuna mahali naweza kukaa nikaongea mpaka mwisho wa sentensi.

Hapo nilitakiwa kuomba msamaha. Niliona kabisa mahali pake, pako wazi kama kiti. Nikafungua mdomo. Maneno yaliyotoka ni haya:

"Na wanaokwenda huko ni akina nani? Swalehe naye yumo?"

Alimaliza shati langu, akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kola.

Jumatano, 17 Julai

Jana usiku tulikula dagaa, kila mtu na sahani yake. Asubuhi tulifungua boneti. Mimi "Vuta!", yeye akavuta. Hakusema bismillahi wala kucheka. Afadhali angesema bismillahi.

Alhamisi, 18 Julai

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata mwisho wa mwezi.

Leo Honorata amepita kwa Egidi kuuliza kama anaweza kuharakisha huo waya kutoka Dar. Egidi, mtu wa watu, akashangaa: Dar tena? Upo hapa tangu wiki iliyopita, Kaka Beda aliniambia nisubiri. Akautoa kwenye ndoano ukutani. Akaufunga pale pale, Honorata amesimama anamtazama.

Amerudi jioni. Nilikuwa mlangoni. Nilijua kwa jinsi alivyofunga mlango wa gari, taratibu mno. Akasema neno moja tu:

"Waya wa Dar umefika haraka kweli."

Akapita. Nikamfuata mpaka jikoni. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilitaka ile boneti ikae vile, ili kila akiifungua nijue. Niliona nikisema wazi itakuwa nafuu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza kama najua ni mara ngapi ameunguza mkono kwa gari kuchemka barabarani, peke yake, anasubiri mpita njia. Akakunja mkono wa gauni. Kuna alama hapo juu ya kifundo, imeanza kukauka. Sikuwahi kuiona. Mimi niliyekagua mpaka alama za vidole kwenye vumbi!

Nina wivu na kila anayemgusa na sikuona alipoungua.

Ijumaa, 19 Julai

Asubuhi. Niliamka mapema, nikavaa, nilidhani ataita tu kwa mazoea. Nikasimama dirishani na kiatu kimoja. Ameketi kwenye usukani. Akavuta. Nikasikia mlio mdogo, laini, wa loki iliyotii. Akashuka, akazunguka, akanyanyua boneti kwa vidole viwili. Akamimina maji. Akafunga. Akajifuta mikono. Hakutazama dirishani. Nadhani hakukumbuka kutazama, na hilo ndilo lililoniuma, maana angetazama kwa hasira ningejua bado nimo.

Kabla hajaondoka alikuja mlangoni. Alisema leo jioni anatakiwa kumpa mkuu wa shule jibu, anakwenda au haendi. Nikasema, na wewe umeamuaje? Akasema:

"Mimi nakwenda. Ruhusa siombi. Nitapita dukani kwako kabla sijampigia. Nataka unijibu kitu kimoja tu. Nikirudi likizo, nitamkuta mume au nitamkuta mpelelezi?"

Akaondoka.

Ijumaa hiyo hiyo, dukani

Nimekuwa nafanya mazoezi tangu asubuhi. Nina sentensi fupi. "Nenda, Mama Noela. Utamkuta mume." Ndiyo hiyo. Nimeisema mbele ya mashine ya fotokopi. Nimeisema kwa Brigita alipokuja kuchenji, akasema shemeji, irudie, usikunje uso. Nikairudia. Akasema sasa ndiyo. Akatoa machozi kidogo, na yeye hata hayamhusu.

Na ni kweli naisema. Nimekaa nikafikiri, hapa, bila kudanganya. Miaka miwili. Nitapika mwenyewe. Nitampigia jioni na sitamwuliza yuko na nani, nitamwuliza amesoma nini. Nitakwenda kwa Sharifa nikamwombe anifundishe kinachomchekesha. Kwa nini isiwezekane? Watu wanabadilika.

Nenda, Mama Noela. Utamkuta mume.

Gari hilo. Amesimama ng'ambo ya barabara, upande wa duka la dawa. Hajazima. Anapiga honi, ile yake fupi ya mara mbili.

Naweka kalamu chini sasa hivi. Nafunga droo tu.

Kuna mtu kwenye kiti cha abiria.

Jua linapiga kioo, sioni sura. Bega tu, na mkono umeegemea dirisha. Mkono wa shati. Honorata anamwambia kitu, anacheka. Amegeukia kwake.

Honi tena.

Natoka. Sentensi ninayo, iko mdomoni. Naisema kwanza, mpaka mwisho. Nenda, Mama Noela, utamkuta mume. Nikishamaliza ndiyo nimwulize huyo aliyempakia ni nani.